Chuku Juu ya Injini

Alama ya gia ya injini ilikuwa imehama tena. Veikko, fundi magari wa Kauhava, alikuwa amezifunga kamshafti, mihimili inayofungua vali, kwa chuma cha kuzishikilia, akakaza bolti, akazungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, kwa mkono mizunguko miwili kama inavyotakiwa. Gia hiyo ya mbele husogezwa na mafuta injini ikiwa inawaka, na injini hii ilikuwa imezimwa siku tatu. Nani kaisogeza?

Harufu ya samaki aliyeoza ikampiga. Alitia kidole kati ya vali, akatoa utelezi mweupe wenye nywele ndefu.

“Hizo kamshafti umezitoa wapi?” mkewe Kaisu alinong'ona mlangoni. Saa tisa alasiri Kaisu alitakiwa kumchukua mtoto wao Eelis hospitalini Seinäjoki, kwa gari hilohilo.

“Kwenye gari lililoopolewa ziwani.”

“Lile lenye maiti? We mwanamume una akili kweli?”

Kaisu akamleta Bibi Aune, mpiga chuku wa saunani, anayewafyonza watu damu chafu kwa pembe katika bafu la mvuke. Bibi alibandika pembe yake kwenye tundu la mafuta, akafyonza, akatema ndooni uozo uliokuwa ukitikisika wenyewe.

“Phu! Lichafu hili,” alisema kwa sauti ya chini. “Sasa zungusha, mwanangu. Miwili kamili. Ukiishia njiani, linabaki.”

Veikko akashika spana kwa mkono mmoja, wa pili akaushikiza kwenye gia, akazungusha, na kitu chenye unyevu kikamgusa kidole, kikakilamba, kikakizunguka taratibu kwa midomo baridi, kisha ufizi usio na meno ukaanza kukinyonya kama mtoto mchanga, na kinyaa kikampanda mpaka kooni, akachomoa mkono.

Alikuwa amemaliza mzunguko mmoja tu. Lakini alama ya krenki hurudi mahali pake kila mzunguko, na Bibi Aune hakujua injini, hivyo asingegundua.

“Miwili?”

“Miwili, bibi.”

Akafunika, akajaza mafuta, akawasha. Injini ikanguruma vizuri ajabu. Kaisu akaondoka.

Saa kumi na moja akapiga simu. Alikuwa amesimama kando ya barabara.

“Gari halina shida,” alinong'ona. “Ila Eelis anatapika magugu ya ziwani, Veikko. Akimaliza anayaokota, anayala tena. Nikimzuia anacheka.”

“Mpeleke hospitali! Geuza gari!”

“Anasema nikuulize kwanza,” Kaisu alilia. “Anasema, mbona uliishia mmoja?”