Kipimo cha Mtu Mmoja

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, mume alimtungia mkewe, fundi wa nguo, uzi kwenye sindano. Macho ya fundi yalikuwa yameanza kuchoka, na mumewe alijisifu, "Bila mimi, watu wangetembea uchi!"

Asubuhi hiyo uzi ulikataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Sindano yako imeziba," mume alitania, lakini jasho lilikuwa likimtoka. "Kichwa kinapasuka, mama watoto. Naona ukungu."

Fundi aliacha kitambaa, akasimama. Wiki tatu sasa mumewe hakuwa amemeza vidonge vya shinikizo la damu. Yeye fundi ndiye aliyemwachisha. Alinunua unga wa matunda wenye vitamini C. Kopo liliandikwa: "Husafisha mishipa. Tupa vidonge!"

"Ee Mungu, nisamehe kiherehere changu," aliomba, akikimbilia kwa jirani yao muuguzi.

Muuguzi alikuja na mashine ya kupimia. Aliifunga mkononi mwa mume, akasoma namba, akaifungua haraka.

"Hospitali. Sasa hivi."

Mume alipoingizwa kwa daktari, fundi na muuguzi walibaki kwenye benchi. Fundi alitoa mkobani lile kopo lenye picha ya mama mmoja.

"Lakini dada, huyu mama kwenye picha alipona!"

"Labda. Alikuwa akimeza vidonge pia? Nani alimpima? Na waliotumia wasipone, picha zao ziko wapi?"

Fundi aligeuza kopo, akaitazama picha tena.

"Vitamini C mwili unaihitaji," muuguzi aliendelea. "Matunda ni mazuri, mpe ale. Lakini anayesema unga wake unashika nafasi ya dawa, alete ushahidi. Watu wengi wajaribiwe. Wengine watumie, wengine wasitumie, wote wapimwe sawasawa. Wewe ukimpima mteja mmoja, unawakatia wote nguo?"

"Nitaharibu vitambaa vya watu."

"Kitambaa hununuliwa kingine, shoga yangu."

Fundi akainama, akaomba bila sauti. Aliomba mpaka mlango ukafunguka.

"Mmewahi," daktari alisema. "Vidonge asiviache tena bila kuniuliza."

Wiki mbili baadaye, mume alimeza kidonge chake, akala chungwa, akajifuta vidole. Akachukua sindano. Fundi alizuia pumzi.

Uzi ukapita mara moja.

"Haya, watu hawatatembea uchi," alisema mume.

"Amina," fundi alijibu, na hakuwa akitania.