Yai Baridi Kiganjani

Msichana waliyemwita Chapuchapu alikuwa akifagia karakana ya shangazi yake, kama kila Jumamosi asubuhi, mzee asiyemjua alipoingia bila hodi. Hakusalimu. Alimwekea yai kiganjani.

"Lishike vizuri," alisema akihema. "Lina joto hilo?"

Lilikuwa baridi. Chapuchapu alipigwa na butwaa, ufagio ukamponyoka.

"Karibu ukae kwanza, baba," shangazi alisema.

"Nikae vipi? Wiki mbili zilizopita binti yangu alichukua hapa mashine yetu ya kuangulia vifaranga. Mlisema mmeibadilishia ubongo. Leo alfajiri umeme umekatika, ukarudi. Taa inawaka, mashine inanguruma, lakini joto hakuna! Na mayai yako wiki ya mwisho!"

Ubongo ni jina ambalo mafundi walikipa kijikompyuta kinachoongoza mashine kutoka ndani. Cha zamani kilikuwa kimeungua, na kiwanda hakikitengenezi tena. Shangazi alinunua kipya kilichotolewa kushika nafasi yake. Kilikaa palepale, akakihamishia maagizo yote.

"Haiwezekani," shangazi alisema. "Hapa mashine haitoki kabla ya kuchomolewa na kuchomekwa tena, tuone kama inakumbuka joto lake umeme ukirudi. Hii ilijaribiwa. Si ndiyo, mwanangu?"

Chapuchapu aliikumbuka siku ya jaribio hilo. Siku ile wenzake walikuwa nje wakimpigia mbinja waende mazoezi ya mpira. Aliona taa inawaka, akapaza sauti, "Tayari, shangazi!" na kutimua mbio. Hakuchomoa chochote.

Alilitazama lile yai.

"Sikuijaribu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikudanganya, shangazi."

Shangazi alimkodolea macho kana kwamba ni mtoto wa watu wengine.

"Wewe? Wewe kabisa?" Kisha akavuta pumzi. "Kulia baadaye. Beba boksi la vifaa. Twende."

Nyumbani kwa mzee waliyahamishia mayai kwenye katoni yenye blanketi na balbu ya moto. Shangazi akaifungua mashine.

"Ona! Ubongo wa zamani ulihifadhi namba ya joto wenyewe. Huu mpya lazima uagizwe kuhifadhi. Kosa hilo ni langu. Lakini jaribio lako lingelinasa kabla mashine haijatoka mlangoni."

Shangazi alipomaliza kuuagiza, Chapuchapu alichomoa waya, akachomeka tena. Namba ya joto ilirudi ileile. Mzee akaanza kumulika mayai kwa tochi, moja moja. Ndani ya la kwanza, lile alilokuja nalo karakana, kivuli kikajikunyata.

"Mkaidi huyu!" mzee alisema, karibu kucheka. "Anakataa kufa."

Lakini machache hayakutikisika. Aliyaweka kando, na Chapuchapu akashindwa kumtazama usoni.

"Mashine siiamini tena," mzee alisema. "Usingizi nitaupata wapi?"

"Kesho saa kumi jioni nitakuja kuijaribu tena mbele yako, babu. Naahidi."

Alikumbuka wakiwa njiani kurudi: kesho saa kumi ilikuwa fainali, naye ndiye golikipa.

"We Chapuchapu, una wazimu?" nahodha wa timu alimaka aliposikia. "Tumwambie kocha nini? Kwamba kipa wetu anaatamia mayai?"

"Mwambieni hivyohivyo," alijibu.

"Naweza kwenda mimi," shangazi alisema Jumapili mchana.

"Aliyeahidi ni mimi, shangazi."

Shangazi alimshika bega. "Basi lishike na hili, mwanangu. Ukisema 'tayari', kuna mtu anakwenda kulala akilitegemea neno lako. Afadhali useme 'bado' mara kumi kuliko 'tayari' moja ya uongo."

Saa kumi mzee alifungua mlango, akaduwaa.

"Kumbe umekuja kweli!"

Chapuchapu alipiga magoti, akachomoa waya. Mashine ikazimika. Kutoka uwanjani zikalipuka kelele za goli. Hakujua ni la nani. Hakugeuza kichwa. Akachomeka waya, akangoja, macho kwenye kioo cha mashine.

Namba ikarudi. Aliisoma mara mbili, kisha akaweka kiganja juu ya trei mpaka alipousikia uvuguvugu.

"Tayari, babu," alisema.