Mjomba Chilongani Apalilia Mboga

Bibi Foibe ndiye aliyemwambia Seche kwanza.
"Mjukuu wangu, mboga za porini zinakubali kuishi nyumbani," alisema. "Ila uzibembeleze."

Basi Seche akazibembeleza. Nyuma ya jiko alipanda mlenda. Akapanda mnavu. Akapanda mchicha pori.

Kila jioni alichuma kidogo, akiimba:
"Chuma jani, acha shina,
kesho jani litaota tena!"

Mara akaja mgeni. Ni Mjomba Chilongani, kutoka mjini. Viatu vyake viling'aa. Tumbo lake lilitangulia, yeye akafuata.

Siku ya kwanza, mjomba alikula.
Siku ya pili, alikula na kukoroma. Khooo! Fyuuu!

Siku ya tatu, Bibi akampa jembe.
"Mgeni siku mbili," alisema Bibi. "Leo ya tatu. Kapalilie nyuma ya jiko."

Mjomba akapalilia. Ng'oa! Tupa! Ng'oa! Tupa!

Seche akarudi kutoka shule. Akamkuta mjomba anamwagilia nyasi. Nyasi tupu!

"Mjomba! Mlenda wangu uko wapi?"
"Mlenda? Mimi niliona magugu tu. Nimempa mbuzi."
"Mee," alisema mbuzi, akitafuna.

"Umeng'oa mboga, umeacha magugu!"
Bibi alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

Seche hakucheka. Machozi yalimtoka.
"Zilikuwa hazijatoa mbegu," alisema. "Sasa nitapanda nini?"

Mjomba akatazama chini.
"Nisamehe, mama. Mbegu zinapatikana wapi?"
"Porini," alisema Seche. "Vua viatu vyako vizuri. Twende!"

Wakaenda kando ya korongo. Seche mbele, mjomba nyuma.
"Aa! Mwiba!" alilia mjomba. "Aa! Mwingine!"

"Hii ni mboga?" aliuliza mjomba.
"Nyasi."
"Na hii?"
"Nyasi, mjomba."
"Na hii yenye manyoya mazuri?"
"Usiguse! Huo ni upupu!"

Alikwisha gusa.

Kwaru kwaru! Akajikuna mikono. Kwaru kwaru! Akajikuna shingo. Kisha, samahani, akajikuna makalio. Kwaru kwaru kwaru!

Seche alicheka mpaka akaanguka. Puu! Akaangukia karibu na mlenda mzee. Maganda yake yalikuwa makavu. Ndani yake, mbegu!

Pembeni palikuwa na mchicha pori, na mnavu wenye matunda meusi. Mbegu tele! Lakini wazitie wapi?

Mjomba akatoa soksi mfukoni.
"Inanuka!" alisema Seche.
"Mbegu hazina pua," alisema mjomba.

Kisha wakachuma majani mabichi ya kula jioni. Sasa mjomba naye aliimba, kwa sauti ya chura:
"Chuma jani, acha shina,
kesho jani litaota tena!"

Jioni wakala ugali na mlenda. Mlenda ukavutika kutoka bakuli hadi kidevu cha mjomba. Nyuuuuu!
"Mjomba ana ndevu za kijani!" alisema Seche.
Bibi akamfuta kwa upande wa khanga, kama mtoto. Wote wakalala wameshiba.

Asubuhi yake, kabla hata ya kunawa uso, Seche alichanganya mbegu na mchanga. Akazipanda nyuma ya jiko. Akageuza ndoo, akaikalia, akalinda.

Kuku wakaja.
"Swaa!" alisema Seche.

Mbuzi akaja.
"Swaa!" alisema Seche.

Mjomba Chilongani akaja, anapiga miayo.

"Na wewe, mjomba. Swaa!"