Fundi Aliyemkwepa Dalali

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni, siku ya bei nusu. Binti mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa ameng'ang'ania feni ya kompyuta, ya mwisho kwenye rafu. Nyuma yake akacheka mwanamume wa ovaroli.

"Dada, hiyo itakupoza wewe, si kompyuta."

"Na wewe ni nani?"

"Fundi friji. Mambo ya baridi niachie mimi."

Basi yakaanzia hapo, na siku ikawa haipiti bila simu. Binti alikuwa ameacha kazi benki, mwaka wa tatu huo anatengeneza mchezo wa kompyuta: bibi anayetafuta barua za marehemu mumewe nyumba nzima. Mchezo mtamu, ila mfupi. Saa moja na nusu umeumaliza. Hapo ndipo penye balaa, maana duka la mtandaoni alikouweka humrudishia mteja hela yake kama hajacheza saa mbili. Yaani mtu ale, ashibe, arudishiwe chake. Na kaka yake alishamwambia wazi: mchezo ukifeli, arudi benki.

Ulitoka Jumatatu. Jumatano asubuhi, kati ya nakala sitini, arobaini na tatu zilikuwa zimerudishwa. Duka likamwandikia kwamba hali isipobadilika kufikia Ijumaa saa sita mchana, mchezo unaondolewa. Hapo hapo simu ikalia.

"Mpenzi, umeiona zawadi yangu?" Alikuwa fundi.

"Zawadi gani? Mwenzio nakufa huku."

"Nimewapanga jamaa wa karakana zote za mtaa huu. Wanaununua, wanaumaliza, wanaurudisha, hela wanayorudishiwa nakuletea mkononi, yote. Lile duka linakukata theluthi nzima. Dalali gani huyo?"

Binti akaitazama tena ile arobaini na tatu.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, roho yangu."

"Umenimaliza. Kwa kurudisha huko, duka linauondoa mchezo wangu Ijumaa. Usinipigie tena."

Fundi alipoelewa alichofanya, jasho lilimtoka mbele ya friji iliyo wazi. Akajaribu kuununua mchezo tena, duka likakataa: aliyerudisha hauziwi mara ya pili. Akawazungukia wenzake, kila mmoja akaliandikia duka barua. Mmoja aliandika: "Mchezo hauna kosa. Mimi nililia. Kosa ni la mwenzetu, amependa vibaya."

Ijumaa, saa sita kasoro, alikuwa mlangoni kwa binti na shati jeupe lililopigwa pasi ovyo. Binti akamfungulia, macho mekundu. Wakakaa mbele ya kompyuta. Saa sita jibu likaja: barua zimesomwa, uamuzi haubadiliki. Picha ya bibi ikatoweka.

"Nimekukosea," fundi akasema. "Nilidhani nakusaidia."

"Hukuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma. Kaka haniulizi, duka haliniulizi, na wewe pia?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nitaupeleka duka jingine," binti akasema. "Benki sirudi."

"Naweza kukusaidia?"

"Unaweza kukaa kimya."

Akakaa kimya, muda mrefu kwa mtu wa maneno kama yeye. Kisha akasema, "Naomba kuuliza jingine moja."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Binti alimtazama. Alikuwa bado na hasira naye, na alimpenda, vyote kwa pamoja.

"Nakubali," akasema. "Lakini sasa nenda kwako. Leo nataka kuulilia mchezo wangu peke yangu."