Tepwe na Mguu Uliogoma Kulala

Kwenye shamba la mpunga, chini ya udongo, anaishi Tepwe. Tepwe ni amiba. Ni mdogo kuliko chembe ya unga!

Tepwe hana mkono. Hana hata mdomo. Lakini maneno? Anayo tele!

Akitaka mguu, anauchomoza. Chopo!
Akigusa bakteria, anammeza. Gubi!
Bakteria ni chakula chake, na Tepwe ni mlafi kwelikweli.

Siku moja, huko juu, Mama Siwema alifungua mfereji.
"Maji na yaingie! Mpunga una kiu."
Chururu, chururu!

Maji yakajaa udongoni. Hewa ikatoka. Bwiku, bwiku!

"Hewa inakwisha!" alisema Shangazi Bumunda, amiba wa jirani. "Tulale mpaka irudi. Fanya hivi, mwanangu:

Jikunje, jiviringe,
jenga ukuta, ulale!"

Tepwe akajikunja. Akajiviringa. Lakini mguu mmoja ulibaki nje.

"Huo ni mguu au mkia?" aliuliza Shangazi.
"Bakteria mmoja tu, Shangazi." Gubi!

"Haya, bwana mkubwa. Utafungaje ukuta na mguu uko nje?"
"Mmoja tu wa mwisho!" Gubi!
Wa mwisho wake hawakwisha.

Shangazi alichoka. Hewa ilikuwa kidogo sana.
"Mimi nafunga, Tepwe. Fanya hima, tafadhali."
Akawa mviringo mgumu.

Mguu wa Tepwe ukawa mzito. Mwili ukawa mzito.
"Shangazi?"
Ukuta wa Shangazi ulikuwa umefungwa.
Tepwe aliogopa. Aliogopa sana.

Hapo akapita bakteria mnono. Mnono ajabu!
Tepwe akamwacha aende zake.
Akauvuta mguu ndani. Vuuu...

Jikunje, jiviringe,
jenga ukuta, ulale!

Tepwe akalala.

Juu, mpunga ulikua. Mpunga ukaiva. Mama Siwema akayatoa maji shambani.
Udongo ukakauka, ukapasuka. Hewa ikaingia. Fuuu!

Shangazi Bumunda akatoka kwanza. Pembeni yake palikuwa na kiviringo kidogo.
"Tepwe? Umo?"
Akakigusa kiviringo.

"Tepwe wangu, toka basi. Nakupenda. Nitakuachia bakteria wote."

Chopo! Kimguu kikachomoza.
"Wote, Shangazi? Umesema wote?"

Shangazi akacheka mpaka akatikisika. Akamkumbatia Tepwe, lakini kidogo tu.
Amiba akikukumbatia sana, anakumeza!