Kivyere Wangu Aliingia Kazini Siku ya Sherehe Yetu

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na minne, mkazi wa Majengo, Mombasa. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari. Wasomaji wenzangu, naandika nimechoka, lakini kila neno nimelipima.

Baada ya vita vya pili vya dunia nilikuwa hamali bandarini, tena katibu wa chama chetu cha wafanyakazi. Mwaka ule tuliamua kuadhimisha sikukuu ya wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Siku hiyo genge lolote la mahamali lisiingie kazini. Sote tuandamane na bendi ya beni hadi kiwanja cha Makadara. Tukiwa nje wote, nani atafukuzwa? Lakini wakiingia wengine, sisi tumekwisha...

Genge humfuata serangi wake, yaani mkuu wao. Serangi wa genge kubwa kuliko yote alikuwa Athumani. Mwanawe alikuwa amemposa binti yangu Zuhura, nasi tumekubali. Athumani alikuwa kivyere wangu.

Watu wa maserangi wengine niliwauliza mmoja mmoja kama watatoka. Kwa Athumani niliona haya. Ningepitaje nyuma ya kivyere nikawahoji watu wake? Nilimgusia tu, tukinywa kahawa barazani.

Akacheka. "Kivyere, wanitaka kiapo? Basi na siku ya harusi utaniuliza kama nitamleta bwana harusi!"

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Wenzangu waliponiuliza, nikawaambia genge la Athumani litatoka.

Siku ikafika. Tarumbeta zikalia, wanawake wakapiga vigelegele. Pale Makadara nilipanda juu ya meza ya muuza mihogo, nikatafuta genge la Athumani kwa macho. Sikumwona hata mtu mmoja!

Kombo, hamali mwenzangu, akanivuta kanzu. "Katibu, shuka. Natoka bandarini sasa hivi. Kivyere wako yuko melini na watu wake, winchi zafanya kazi."

Hotuba niliimaliza. Nilisema nini, sijui.

Asubuhi yake tulizuiwa langoni mwa bandari, tukaambiwa hatuna kazi tena. Watu wa Athumani walitawanywa katika nafasi zetu, yeye akafanywa msimamizi. Na wenzangu walimlaumu nani? Mimi! Walisema, "Wewe ndiwe uliyemdhamini."

Bado haikutosha. Dada yake Athumani alikuja akaketi na mke wangu, akasema posa imevunjika. Kaka yake sasa ni mtu wa cheo, hawezi kuungana na nyumba ya watu wa fujo. Zuhura alisikia yote nyuma ya pazia. Hakulia. Alirudi uani akaendelea kupepeta mchele... Jamani, afadhali angelia!

Leo nabeba magunia ya Mhindi mmoja mwenye duka karibu na Feri, siku akinihitaji. Wanaokuja kumposa Zuhura huuliza kwanza kwa nini yule wa awali alirudi nyuma. Kisha hawaonekani tena.

Wasomaji, nawasihi. Mkiwa na jambo la watu wengi, msimwachie mtu mmoja awasemee wengine kwa sababu ya ukwe. Muulizeni kila mtu kwa kinywa chake. Kivyere atanuna, pengine atavunja posa. Na aivunje! Yangu ilivunjika vilevile, na watu waliouamini mdomo wangu walikosa kazi pamoja nami.