Raba za Mjomba Nikolao

Asubuhi za mwezi wa sita Newala hazina huruma. Ukungu hushuka mpaka kwenye mabati, na anayetoka nje hurudi ndani haraka kutafuta khanga ya pili. Hata hivyo, Yuster ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao. Alikwenda bombani, akapanga foleni, akarudi na ndoo kichwani, akafagia uwanja. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba lilikokuwa jiwe lake.

Lilikuwa jiwe la mviringo, zito. Kila siku kabla ya kwenda shule alilibana shingoni chini ya taya, akakunja magoti, akajisukuma kwa mguu wa kulia na kulirusha mbele kwa nguvu zake zote. Likitua alilifuata, akalirudisha, akarusha tena. Mama yake alimtazama kutoka mlangoni pa jiko bila kusema neno. Yuster aliijua maana ya kimya kile, na kila alipokiona alirusha kwa hasira zaidi.

Mwaka uliotangulia, akiwa darasa la sita, hakukuwa na msichana wilayani aliyemshinda kurusha tufe. Halafu siku moja ya mvua, mazoezini, aliteleza na kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Mguu ukafungwa hogo la plasta. Alipofunguliwa, ulikuwa umekonda na msimu wa mashindano ulikuwa umekwisha. Sasa alikuwa darasa la saba. Mashindano ya wilaya za mkoa yangefanyika Masasi, na washindi wawili tu wa kila mchezo ndio wangeingia kambi ya timu ya mkoa. Akikosa safari hii, hapakuwa na mwaka mwingine wa shule ya msingi.

Wengi walikwisha kumtoa kwenye hesabu. Joel, kijana wa darasa lake aliyependa kusikika, alimwambia waziwazi siku aliyorudi mazoezini.

"Yuster, si ukae tu ushone vitambaa? Mguu huo umeshamaliza kazi."

"Mguu ni wangu au wako?" Yuster akamuuliza.

"Wako."

"Basi subiri wako uishe, ndipo utoe taarifa."

Darasa zima lilicheka, na Joel akajifanya anatafuta kalamu. Ndivyo alivyokuwa Yuster. Ukimwambia haiwezekani, umemtuma akafanye.

Kwa mama yake maneno kama hayo hayakufaa, na mama alikuwa amekataa katakata ashindane tena. "Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali," alisema. "Mgongo wangu hautaki safari ya pili." Yuster alinuna, akasusa muhogo wa jioni, akabishana mpaka akakaripiwa. Mwisho mama akasema shauri hilo liamuliwe na kaka yake.

Katika ukoo wao, kama ilivyo kwa Wamakonde wengi, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Mjomba Nikolao alikuja na baiskeli, akanywa maji, akasikiliza pande zote mbili. Akamwambia Yuster atembee, aruke, achuchumae na kuinuka. Akamuuliza kama mguu unauma, Yuster akajibu kwamba hauumi, na hilo lilikuwa kweli. Mjomba akamgeukia dada yake.

"Mtoto atarusha," akasema. "Likitokea baya, dada, uniulize mimi."

Yuster alitamani kuruka, ila mbele ya mjomba hairukwi hovyo. Alipiga goti akashukuru.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi na mfuko. Ndani mlikuwa na raba mpya, nyekundu kama pilipili, zenye soli nene yenye meno. Alikuwa amezifuata Tandahimba, na alizitoa mfukoni mbele ya mama na majirani wawili waliokuwa wamekuja kuazima kinu.

"Mwanamichezo hawezi kurusha na vile viraba vya turubai," alisema. "Vaa tuone."

Yuster alivaa. Mguu ulizama. Mbele ya vidole palibaki nafasi ya kufuga kifaranga. Mjomba alikuwa amefanya kama wafanyavyo wazee wote wa huko wanaponunua kiatu cha mtoto: amenunua cha mwaka kesho.

"Zimekukaa, mjomba?" aliuliza. Yeye na Yuster waliitana jina hilo hilo, kama ilivyo kawaida ya mjomba na mpwa.

Majirani walikuwa wakitabasamu. Mama alikuwa akimtazama kaka yake kwa shukrani. Yuster, ambaye hakuwahi kukosa jibu kwa Joel, alihisi ulimi umekuwa mzito. Huyu ndiye aliyemtetea. Atamwambiaje kwamba zawadi yake haifai?

"Zimenikaa, mjomba," alisema. "Zimenikaa vizuri sana."

Siku hiyo hiyo alichomoa sufi kwenye mto wake, akazijaza raba mbele mpaka zikabana.

Mwalimu wao wa michezo aliitwa Ethel. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesoma sekondari Masasi na kurusha tufe huko ujanani. Siku ya kwanza alipoziona raba nyekundu alikunja uso.

"Hizo za nani?"

"Zangu, mwalimu."

"Zinakutosha? Na meno hayo, kwenye duara la saruji yatakushika. Wewe unataka soli laini, mguu ugeuke bila kukwama."

"Zinanitosha, mwalimu. Nimezizoea." Alikuwa amezivaa mara mbili tu. Kwa kuwa uwanja wa shule yao ulikuwa wa mchanga mtupu, meno ya soli hayakukwama popote, na mwalimu akaona afadhali angoje.

Kisha mwalimu akatandika gunia, akapanga juu yake matufe matatu ya chuma. "Haya yana uzito mmoja," alisema, "lakini hayana unene mmoja. Masasi mtakuta hivyo hivyo, na kila mtu atachagua lake. Msichague linalong'aa. Inua, liweke kwenye mizizi ya vidole, si kiganjani. Likicheza, liache. Likitulia, hilo ndilo lako."

Yuster alikuwa na vidole virefu. Dogo lililong'aa lilicheza mkononi kama sabuni. Nene, lenye chuma cha kukwaruza, lilitulia. Alilirusha likaenda mbali kuliko yote.

"Amechagua tikiti maji," Joel akasema kwa sauti, na watu wakacheka. Neno lile lilimchoma Yuster.

Siku ya mashindano waliteremka kutoka uwanda wa juu wakiwa wamejifunika vitenge, wakafika Masasi wakitokwa jasho. Mjomba Nikolao alikuwa amewatangulia kwa basi la alfajiri. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine, amevaa koti lake la kanisani juani, akimwonyesha kila jirani: yule mwenye viatu vyekundu ni mpwa wangu.

Duara la kurushia lilikuwa la saruji, limesuguliwa mpaka linateleza. Matufe yalikuwa yamepangwa juu ya turubai. Msichana wa Masasi aliyeitwa Stamili, bingwa aliyeshinda mwaka ambao Yuster alikuwa na hogo, alipita mbele na kuchukua dogo lililong'aa. Alirusha, na watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye Yuster?" alimuuliza walipopishana. "Niliambiwa umeacha."

"Walikudanganya," Yuster akajibu. Akaliacha lile nene aliloliona pembeni, akamwomba mwamuzi amletee tufe lile lile la Stamili. Kama yeye ameweza nalo, na mimi nitaweza, alijiambia.

Kila mrushaji alipewa nafasi tatu. Katika ya kwanza, Yuster alijisukuma vizuri, mkono ukafyatuka, lakini mguu wa mbele ulipofika kwenye ubao uliozuia mbele ya duara, ncha ya raba, ile iliyojaa sufi, ilipanda juu yake. Bendera nyekundu ya kosa ikainuka. Katika ya pili alijibana asifike mbali. Meno ya soli yakang'ang'ania saruji, mwili ukageuka na mguu ukabaki, na maumivu yakapanda kutoka kwenye kifundo kile kile. Tufe likamchomoka vidoleni na kuangukia nje ya mstari. Bendera nyekundu tena.

Aliketi pembeni akishika mguu. Aliogopa, na alikasirika kwa sababu anaogopa. Mwalimu Ethel alikuja akachuchumaa, akakibonyeza kifundo taratibu.

"Hakijavimba. Simama. Kanyaga. Kinauma?"

"Kimeacha, mwalimu."

"Sasa niambie kweli kuhusu hivi viatu, la sivyo nakutoa mashindanoni sasa hivi."

Yuster alitazama kule kwenye kamba. Mjomba alikuwa amevua koti, amelishika mikononi. Angeweza kumwambia mwalimu peke yake, akavua raba kwa kisingizio cha mguu, na mambo yakaisha. Alijua pia kwamba angetoka hapo akiendelea kuzisifia kwa mjomba kila Jumapili wakikutana kanisani.

"Mwalimu, naomba kwanza nikamwambie aliyezinunua."

Alizivua, akaenda peku mpaka kwenye kamba, akapiga goti, akazishika kwa mikono miwili.

"Mjomba, nisamehe. Hizi raba ni kubwa. Zilikuwa kubwa tangu siku ile. Nilizijaza sufi, nikakwambia zimenikaa."

Watu wa karibu waligeuka kutazama. Mjomba alizipokea, akaingiza vidole, akatoa donge la sufi, akaliangalia kama mtu aliyepewa chenji isiyo sahihi.

"Nangu nilikuuliza," alisema. Alipoumia, Kimakonde kilimtoka kwanza. "Mimi nilikuuliza, mbele ya mama yako."

"Uliniuliza, mjomba. Niliogopa kukuaibisha."

"Na huo mguu ungevunjika tena hapa, ningemwambia nini dada yangu? Mimi ndiye niliyesema urushe. Nilisimama kwa ajili yako, kumbe nimesimama juu ya sufi."

Machozi yalimlenga Yuster, na hakuyafuta. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba uongo wake ulikuwa umebeba watu wawili, yeye na mjomba wake.

"Umebakiza mara ngapi?" mjomba akauliza.

"Moja."

"Nenda karushe. Hayo mengine tutazungumza."

Alivaa viraba vyake vya turubai alivyokuja navyo safarini, vile ambavyo soli yake ilikuwa imelika mpaka imekuwa laini. Kwenye turubai la matufe hakumtazama Stamili wala mtu mwingine. Aliinua moja, akaliacha. Akainua lile nene la kukwaruza, likatulia kwenye mizizi ya vidole. Nyuma yake mtu alicheka, naye akaacha acheke.

Alisimama ndani ya duara mpaka pumzi ikatulia. Akakunja magoti, akateleza kinyumenyume, mguu ukageuka juu ya saruji bila kukwama, na nguvu yote ikapanda kutoka mguuni mpaka kwenye mkono. Tufe likaondoka. Hakutazama linakoangukia. Alitazama mguu wake wa mbele, ukiwa umesimama kabla ya ubao. Bendera nyeupe ikainuka.

Waamuzi wakavuta utepe. Stamili alibaki wa kwanza, lakini hakuna mwingine aliyefika alipofika Yuster. Alikuwa wa pili, na wa pili huingia kambini. Mwalimu Ethel, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alimshika mabega akamtikisa mpaka meno yakagongana. Stamili naye alikuja kumpa mkono.

"Kumbe kweli hukuacha," alisema.

"Tutaonana kambini," Yuster akamjibu. "Jiandae."

Mjomba Nikolao aliwangoja kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja. Alikuwa ameshanunua soda, lakini uso wake ulikuwa bado haujafunguka. Yuster alisimama mbele yake akiinamisha kichwa.

"Mwalimu ananiambia una mdomo," mjomba alianza. "Mtoto wa watu akikucheka unamjibu. Mama yako akikataa unabisha mpaka usiku. Ulikuja hapa kushindana na wilaya zote, na hukuwaogopa. Hilo silikatazi. Bila hilo usingerudi kwenye duara. Lakini wote hao umewaweza, mimi peke yangu ndiye niliyekushinda, na mimi sikuwa hata nikipigana nawe."

Maneno yale yalimuuma Yuster kuliko kifundo.

"Sikiliza, mjomba," Nikolao akaendelea, na sauti ikalainika. "Anayetaka uanguke, mfiche unachotaka. Anayekusimamia, mwambie ukweli kwanza, hata kama utamuudhi. Mimi kuudhika ni kwa siku moja. Mguu wako ni wa maisha. Na kunificha ubaya wa kiatu si kuniheshimu, ni kuniacha nijisifu juu ya jambo litakalokuumiza."

"Na mimi niliona tangu siku ya kwanza nikasubiri," Mwalimu Ethel akasema. "Hilo ni kosa langu, nalikubali."

"Nimekuelewa, mjomba," Yuster alisema. "Kuanzia leo nitakuambia kweli."

"Vizuri. Kunywa soda."

Yuster aliishika chupa lakini hakunywa. Aliinua kichwa.

"Basi naomba nikuambie nyingine."

"Sema."

"Rangi nyekundu nayo siipendi."

Mjomba Nikolao alimgeukia Mwalimu Ethel kuomba msaada, lakini mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Mjomba akahema, akazifunga raba kamba kwa kamba, akazitundika begani.

"Jumamosi twende wote dukani," alisema. "Utachagua mwenyewe, na mimi nitanyamaza."